Kabla ya kujitolea, piga hesabu ya nauli

Kila shule zikifunga, simu yangu hujaa maswali yale yale. Kuna malipo? Lazima niwe na cheti? Naweza kuja Jumamosi peke yake? Mbona nilipeleka barua hospitalini na hadi leo hakuna aliyenipigia? Nimejibu mmoja mmoja hadi kidole kikauma, kwa hivyo majibu nayaweka hapa yote. Nimepanga zamu za wajitoleaji wa kikundi chetu cha mtaani hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa mjitoleaji wa kawaida, tena wa kuchelewa. Mifano mingi ni ya huku ziwani, lakini hata wa Nakuru au Kakamega hatapotea akifuata hatua hizi.

Jambo moja nilitaje mapema kwa sababu ndilo linaloangusha wengi. Wajitoleaji wetu hawaachi kwa uvivu. Wanaachishwa na nauli. Wiki ya kwanza mtu anakuja na bashasha, wiki ya tatu anaomba kukopeshwa mia mbili, wiki ya tano simu haishikwi. Na mtoto aliyezoea kusomewa na huyo dada kila Jumanne anakaa kwenye benchi akiangalia lango. Kwa hiyo tutaanza na mfuko wako. Moyo unao, nimeshakubali.

Uwe na hivi kwanza

- Kitambulisho na nakala zake mbili au tatu. Kama hujafika miaka 18, barua ya mzazi au mlezi yenye nambari yake ya simu.
- Barua fupi ya kukutambulisha kutoka kwa chifu, naibu wake au mzee wa mtaa. Ya mchungaji au imamu pia hukubalika sehemu nyingi.
- Cheti cha maadili mema cha polisi, ikiwa utakaa karibu na watoto, wagonjwa au pesa za watu. Kinaombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha unapigwa alama za vidole Huduma Centre au ofisi ya DCI, idara ya upelelezi. Ile fomu ya alama za vidole, C24, ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Watu huichapisha kwenye karatasi mbili, wanapanga foleni asubuhi nzima, halafu wanarudishwa saibani.
- Usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Ukiteguka mguu ukiwa kazini, usidhani tu kwamba kikundi kitalipa.
- Viatu vya kufunika vidole, daftari na kalamu.
- Nauli ya miezi mitatu, au mpango unaoeleweka wa kuipata.

Shahada haimo kwenye orodha, wala sikuisahau. Kazi nyingi za kujitolea hazihitaji cheti cha masomo. Zinahitaji mtu anayefika.

Hatua kwa hatua

1. Piga hesabu. Andika nauli ya kwenda, ya kurudi, na chakula cha mchana. Tuseme unatumia shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku mbili kwa wiki. Hiyo ni 400 kwa wiki, 1,600 kwa mwezi, 4,800 kwa miezi mitatu, na bado hujanywa chai na chapati. Unazo? Kama huna, badilisha mpango sasa badala ya kuuvunja baadaye: siku moja badala ya mbili, au mahali pa kufika kwa miguu. Shule iliyo nyuma ya nyumba yenu haina jina kubwa la kuweka kwenye CV, lakini utafika huko hata siku matatu zimegoma na mvua inamwagika.

Kuhusu malipo, kujitolea hakuna mshahara. Vikundi vingine hurudisha nauli, vingine hutoa chakula, vingine havitoi hata maji. Watu huniuliza sana kuhusu wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP, kwa sababu wao hupata posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Ni kweli. Ila hao huchaguliwa na wakazi wenyewe barazani, na kila mmoja hutunza takriban kaya 100 za mtaa wake. Huwi CHP kwa kupeleka barua kwenye dispensari.

2. Chagua jambo moja na siku zake. Usiende kusema "nitafanya chochote". Mwalimu mkuu akisikia "chochote" hajui akuweke wapi, atakuambia utapigiwa simu. Sema: "Naweza kusaidia gredi ya 4 kusoma, Jumanne na Alhamisi." Hapo anaona kiti chako tayari.

Wenye kazi ya wiki nzima, Jumamosi moja kwa mwezi inatosha kabisa kwa usafi wa ufuo, kupanda miche au kufundisha mpira. Na kama hata hiyo huna, toa damu. Kisumu na Nakuru zote zina vituo vya damu vya eneo. Uwe na angalau kilo 50 na afya njema, ule vizuri na unywe maji kabla ya kwenda. Mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kati ya aina zote za kujitolea ninazozijua, hiyo ndiyo isiyohitaji barua wala kikao.

3. Chunguza wanaokuchukua. Omba kuona cheti cha usajili, kwa heshima lakini bila aibu. Vikundi vya kijamii husajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya 2022. Mashirika makubwa yasiyo ya kiserikali yako chini ya sheria ya PBO, yaani ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024. Kisha uliza majirani. Muuza mandazi aliye mkabala na lango la shirika anajua mengi kuliko tovuti yao.

Onyo: anayekudai pesa za "kukutafutia nafasi", za "mafunzo ya lazima" au za "kupitishwa haraka", achana naye. Usichanganye na ada ya uanachama, kama ile ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, shirika lililoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1965. Pale unalipia kuwa mwanachama kwa njia ya wazi na kupewa stakabadhi. Pesa inayotumwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi ni habari nyingine.

4. Tuma ujumbe mfupi, kisha nenda mwenyewe. Ujumbe uwe hivi:

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Naitwa ____, naishi Manyatta. Nimemaliza kidato cha nne. Naomba kusaidia watoto wa gredi ya 4 kusoma Kiswahili kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi na nusu, kwa muhula mmoja. Naomba kuja kukuona Ijumaa asubuhi. Nitakuja na kitambulisho na barua ya mzee wa mtaa."

Basi. Usitume historia ya maisha yako wala picha ya mahafali. Ijumaa ikifika, nenda hata kama hakujibu. Huku kwetu ujumbe hufungua mlango nusu tu. Unaoufungua wote ni uso. Lakini usiende siku ya kwanza ya muhula, wala Jumatatu asubuhi, wala saa saba mchana.

5. Uliza maswali haya kabla ya kukubali. Nani atakuwa msimamizi wangu? Nitafanya nini hasa siku ya kwanza? Nauli inarudishwa au hairudishwi, na ikirudishwa, ni lini? Nikiumia, nani analipa? Nikitaka kuacha, nitoe taarifa ya siku ngapi? Mimi niliona haya kuuliza la nauli nilipoanza. Nikakaa miezi miwili nikingoja kurudishiwa, kumbe hapakuwa na mpango wowote wa kurudisha. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyesema kitu, wala mimi sikuuliza.

6. Jua mwiko wa kila mahali. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wenye nia nzuri huharibu.

*Hospitalini.* Iwe ni Jaramogi, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, au kituo cha afya cha wadi, mlango ni ofisi ya utawala au ya muuguzi mkuu. Usiingie wodini kwa kujuana na mlinzi. Mjitoleaji asiye na mafunzo huelekeza wageni, husukuma viti vya magurudumu, hupanga faili, hukaa na mgonjwa asiye na jamaa. Hadungi sindano, hafungi kidonda, hapimi presha ati kwa kuwa sista ana kazi nyingi na amemwomba. Sista akikuomba, mjibu kwa adabu: "Sista, hilo sijafunzwa, nikuletee nini?" Na ulichokiona wodini kibaki wodini. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakuhusu na wewe pia, ila usingojee sheria. Kisumu ni ndogo. Ukitaja ugonjwa wa mtu ndani ya tuktuk, aliyekaa mbele yako ni binamu yake.

*Shuleni.* Sheria ya TSC, tume ya kuajiri walimu, ya 2012 inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa. Kwa hiyo wewe hupewi darasa, unamsaidia mwalimu. Kusomesha kikundi kidogo, kupanga vitabu, kusimamia michezo, haya ni yako. Ukiona umeachiwa watoto hamsini wiki nzima kwa sababu mwalimu hayupo, hapo umekuwa mwalimu bila nambari ya TSC wala mshahara, na kukitokea jambo utaulizwa wewe. Usikae na mtoto mmoja chumba kilichofungwa. Usimtumie mtoto ujumbe kwa simu. Ukigundua mtoto anadhulumiwa, mwambie mwalimu mkuu, na kama mwalimu mkuu ndiye tatizo, piga 116, bila malipo.

*Makao ya watoto.* Wengi huja wakitaka "kwenda kucheza na mayatima Jumapili". Siku hizi huwa nawakataza, na najua wengine hunionea ubaya. Mtoto akizoeshwa wageni wanaombeba wiki mbili kisha wakapotea, kila anayeondoka anamwachia pengo jipya. Isitoshe, mpango wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia, na wengi wao wana jamaa walio hai. Mara nyingi umaskini ndio uliowatoa nyumbani. Ukitaka kusaidia, muulize afisa wa watoto wa kaunti ndogo kama kuna nyanya anayelea wajukuu na anahitaji mtu wa kusaidia kazi ya shule jioni. Kazi hiyo haina picha. Ndiyo maana inakosa watu.

Na hizo picha zenyewe: usimpige mtoto wa watu picha. Shirika moja liliwahi kutuvalisha fulana, likatusimamisha na magunia ya unga mbele ya mama mmoja mgonjwa, na tukapigwa picha kabla unga haujashushwa. Yule mama alifunika uso kwa leso. Mpaka leo sijui picha ile ilienda wapi.

*Ziwani.* Kusafisha ufuo Dunga au kwingineko, anza na mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi. Ufuo una wenyewe, na nyavu zilizoanikwa si takataka. Vaa gambuti na glavu. Maji ya kina kifupi yenye konokono yana kichocho, na kichocho huingilia ngozi, hakihitaji uwe na kidonda. Usiingie kwenye magugu maji kuyang'oa kwa mikono, humo hukaa nyoka. Saa kumi na mbili jioni ikikaribia, ondokeni. Kiboko naye hutoka kula.

*Wakati wa mafuriko.* Mvua za Machi hadi Mei zikizidi, Nyando hufurika uwanda wa Kano na Nzoia hufurika Budalang'i. Hapo kila mtu hutaka kukimbia huko. Usiende peke yako, na usivuke maji yanayokimbia hata kama yanakufikia magotini tu. Wakazi ndio huwa wa kwanza kuokoa wenzao, na wanajua mto wao. Wewe mgeni ukisombwa, umewaongezea kazi. Jiandikishe na tawi la Msalaba Mwekundu la kaunti yako wakati wa kiangazi, upate mafunzo ya huduma ya kwanza, ili mvua ikija uitwe ukiwa na kazi maalum. Nambari yao ya dharura ni 1199, bila malipo. Na usipeleke mzigo wa nguo kuukuu bila kuuliza. Walio kambini huhitaji zaidi vyandarua, maji safi, sodo na sufuria.

Nyongeza kwa wanaotoka Nakuru kuja huku: nyinyi mmezoea baridi. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini, kwa hiyo lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na ukipata homa kapimwe siku hiyo hiyo.

*Vijijini.* Kiswahili chako cha mjini hakitafika kila jikoni. Nenda na kijana wa pale atakayetafsiri, na ujifunze angalau salamu. "Oyawore" asubuhi kwa Wajaluo, "mulembe" kwa Waluhya. Bibi wa miaka themanini atakusamehe makosa yote ya matamshi, ila hatakusamehe kupita bila kumsalimu. Ukikaribishwa chai, kunywa. Dodoso lingoje.

7. Wiki nne za kwanza, fika mapema na usilete mageuzi. Utaona mambo mengi ambayo ungeyafanya tofauti. Yaandike kwenye daftari na unyamaze. Baada ya mwezi, nusu ya hayo utakuwa umejua kwa nini yanafanywa vile, na nusu iliyobaki utasikilizwa ukiyasema. Siku huwezi kuja, toa taarifa jioni iliyotangulia, usingoje asubuhi saa mbili na nusu.

8. Weka rekodi. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulichofanya, sahihi ya msimamizi. Mstari mmoja kwa siku. Ukiomba barua ya mapendekezo baadaye, msimamizi atakuwa amehama au amesahau. Daftari lenye sahihi zake litamkumbusha, au litamsaidia aliyechukua nafasi yake. Iombe barua kabla hujaondoka, ukiwa bado unaonekana.

Ukikwama

*Sijajibiwa wiki tatu.* Nenda tena mara moja, muulize karani, si mkubwa. Ukiambiwa "njoo kesho" mara ya pili, hamia kwingine.

*Nimegeuzwa kibarua.* Kama uko pale siku tano kwa wiki, unafungua na kufunga ofisi, na wasipokuona kazi inasimama, hiyo ni ajira isiyolipwa. Omba kikao, onyesha daftari lako, sema: "Naweza siku mbili. Hizo tatu nyingine zinahitaji mtu wa mshahara." Wengine watakuajiri. Wengi watakuambia bajeti haipo. Rudi kwenye siku zako mbili na uzishikilie.

*Wazazi wanasema nafanyia watu kazi ya bure.* Waonyeshe mwisho wake. "Hadi shule zifunge mwezi wa nane" ni jibu linalotuliza nyumba kuliko mahubiri juu ya utu. Na siku zisizo zako, lima au uza dukani. Usitumie kujitolea kukwepa kazi za nyumbani. Mama anajua.

*Msimamizi ananitaka kimapenzi ili anipe nafasi au barua.* Ondoka. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mtu unayemwamini, na piga 1195, laini ya dhuluma za kijinsia, bila malipo. Barua ya namna hiyo haina thamani ya kukurudisha ofisini kwake.

*Rafiki yangu wa ng'ambo anataka kuja kujitolea nasi.* Asije kwa kibali cha utalii akaanza kazi. Shirika linalomkaribisha ndilo linalopaswa kumwombea kibali kinachofaa Idara ya Uhamiaji kabla hajasafiri. Kama shirika halijui hilo, hiyo nayo ni habari kuhusu shirika.

*Nauli imeisha kabla ya muda.* Sema. Usizime simu. Njoo uniambie, "Siku mbili zimenishinda, nibakishe moja," nami nitapanga upya zamu jioni hiyo hiyo. Nikijua Jumatatu, wa kukushikia Jumanne yupo. Nikijua Jumanne saa tisa na robo, watoto wameshakaa kwenye benchi.